Bashrafu Iliyokosewa na Jumba Zima

Mpaka alipofikisha umri wa miaka thelathini na moja, Vejihe hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba amekosea. Si kwamba hakukosea. Alikosea kama tunavyokosea sote. Lakini alizaliwa mjukuu wa sultani, katika jumba la Istanbul lenye wajakazi mia na ushee, na huko mtoto wa ukoo ule hakosolewi. Akimwaga mchuzi, sahani ndiyo iliyowekwa vibaya. Akijikwaa, zulia ndilo linalochapwa.

Wanawake wa Kom el-Dikka, pale Iskandaria, ambao harusi zao zilichangamshwa na ganuni yake, kinanda cha nyuzi kinachopakatwa, kwa karibu miaka ishirini, wangecheka kusikia hayo. Wao walimjua Bi Vejihe mwingine kabisa, mwanamke mwembamba mwenye lafudhi ya Kituruki ambaye alijikosoa mwenyewe kabla hujafungua mdomo, na akimaliza kujikosoa anakugeukia wewe. Alizaliwa wapi, hakuna aliyemuuliza sana, na yeye hakuwa mtu wa kujitangaza.

Mwaka 1924, jamhuri mpya ilipoufukuza ukoo wa sultani, alikuwa na miaka kumi na saba. Walipewa siku chache tu za kufunga mizigo. Mama yake alichukua vito vyake na majoho matatu ya baridi, maana alidhani ni safari ya msimu mmoja. Vejihe alichukua ganuni. Walikaa Nice, kusini ya Ufaransa, wakauza bangili baada ya bangili, na mwaka vilipokwisha vito, mama naye akafariki. Vejihe akavuka bahari kuja Misri pamoja na mtu mmoja tu, Nevreste.

Huyu Nevreste alikuwa kalfa, ndivyo walivyowaita wajakazi wakuu wa jumba. Aliletwa mdogo kutoka milima ya Wacherkesi, akafunzwa muziki, akapewa kundi la wasichana wapigaji kuliongoza, na yeye ndiye aliyemfunza Vejihe ganuni. Ukoo ulipofukuzwa hakuna aliyemlazimisha kufuata. Alifunga kifurushi chake cha nguo akapanda treni. "Na nywele atachanwa na nani?" aliwajibu waliomshangaa. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mitano, na bado alikuwa hakai kitako mbele ya Vejihe. Walipanga vyumba viwili mtaa wa Muharram Bek, humo humo Iskandaria, juu ya duka la mpiga pasi, ambapo mvuke wa nguo za watu uliingia mpaka kwenye chai, na hata humo, katika umaskini ule wa kugawana yai, Nevreste alisimama na mikono ameikunja tumboni mpaka bibi yake amalize kula. Ukaidi wa aina hiyo mimi naushangaa mpaka leo, lakini ndivyo walivyolelewa.

Waliishi kwa masomo. Vejihe alifundisha binti za wafanyabiashara wa pamba, na mama zao, waliokuwa wamenong'onezwa yeye ni nani, hawakukosa somo hata moja. Walikaa kwenye makochi na leso mkononi. Walilia machozi alipopiga wimbo wa huzuni, walilia alipopiga wa furaha, na siku moja mke wa mwenye ghala alilia kwa kwikwi wakati Vejihe alikuwa anakaza nyuzi tu, hajaanza kupiga chochote.

Ndipo shaka ilipomwingia, na shaka ikishaingia haitoki kwa fagio. Kila mtu aliyewahi kumsifu alimsifu kwa sababu gani? Je, yeye alikuwa mpigaji, au alikuwa bibi tu aliyepakata ganuni?

Swali lenyewe lilikuwa na haraka. Shangazi yake aliyeolewa na pasha mmoja Kairo alikuwa amemwandikia: njoo ukae kwangu, chumba kipo, na jioni baada ya chai utawapigia wageni kidogo. Vejihe alikijua kiti hicho. Ni kiti cha pambo, unawekwa hapo kama saa ya ukutani, na mgeni akichoka kukutazama anaomba biskuti. Kama kweli yeye ni mpigaji, angeweza kuishi kwa mkono wake. Kama si mpigaji, basi afungashe aende Kairo, akae kimya. Alimwomba shangazi wiki mbili za kufikiri.

Jumatatu moja, bila kumwambia Nevreste, akaibeba ganuni yake mpaka Kom el-Dikka kwa Fundi Nabawiya.

Nabawiya alikuwa na kundi la wanawake waliopiga kwenye harusi na hina, mwanamke mnene, mwenye jicho moja lililofifia na sikio ambalo, wallahi, lilisikia paka akipiga chafya mtaa wa pili. Mpiga ganuni wake alikuwa amejifungua mapacha. Vejihe alimkuta ukumbini na wenzake, wamezunguka sinia, wanachambua mlenda.

"Umejifunzia wapi, dada?" Nabawiya alimuuliza.

"Nyumbani."

"Nyumbani!" Zannuba, mpiga ngoma ya dumbaki, alirusha shina la mlenda siniani. "Hata mimi nimejifunza kupika nyumbani, na mume wangu alikimbia na sahani mkononi."

"Nyamaza, Zannuba. Mkimbiaji alikukimbia wewe, chakula alikipenda. Haya, Mturuki, kaa. Tuanze na bashrafu."

Kila shughuli hufunguliwa na bashrafu, muziki mtupu wa kuwaweka watu sawa kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na ile aliyoitaja Nabawiya Vejihe aliijua kuliko jina lake. Ni ya zamani, ya Istanbul, ina vipande vinne. Alivaa vidoleni pete za risha, zile za kukwanyulia nyuzi, wakaanza. Kipande cha kwanza kikaenda, cha pili kikaenda vizuri zaidi, na Zannuba akaacha kutabasamu kwa kejeli. Wakaingia cha tatu. Ganuni ikashuka, wengine wote wakapanda, na ukumbi ukalia kama kabati la sufuria limeanguka.

"Umepotelea wapi, mama?" Nabawiya aliuliza.

"Nyinyi ndio mliopotea," Vejihe alisema, na alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekuonyesha kwamba umevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. "Bashrafu hii ni ya kwetu. Kipande cha tatu hushuka."

Wanawake wakatazamana. Zannuba aliziba mdomo kwa kitambaa.

"Ya kwenu," Nabawiya alisema taratibu. "Sawa. Zannuba, lete santuri, na ile sahani yenye karatasi nyekundu."

Sahani ilikuwa imerekodiwa Istanbul, na wapigaji wa Istanbul, karatasi yake iliandikwa hivyo. Sindano ikateremshwa. Kipande cha tatu kikapanda, kikapanda kwa raha zake kama mtu anayepanda ngazi za kwao. Vejihe akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena.

"Na hao nao wamepotea?" Zannuba aliuliza, na safari hii hakuna aliyemnyamazisha.

Nabawiya aliondoa sindano. "Sikiliza, binti. Mkono unao. Nani aliyekufundisha upuuzi huo sijui, lakini asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Alhamisi alasiri tuna hina ya binti wa mwoka mikate. Nakupa siku tatu. Tukipanda, upande nasi, kiti ni chako. Ukishuka, utashuka peke yako."

Vejihe alirudi Muharram Bek uso umemwiva. Nevreste alikuwa jikoni anapepeta mchele.

"Kalfa. Kipande cha tatu cha bashrafu ile kinapanda au kinashuka?"

Ungo ulisimama hewani. Nevreste aliuweka chini, akakunja mikono tumboni. "Vyovyote apendavyo Sultana wangu."

"Sikuulizi napenda nini. Nakuuliza kinapanda au kinashuka."

Chini yao mpiga pasi alisikika akipuliza maji kwa mdomo kwenye kanzu ya mtu.

"Kinapanda," Nevreste alisema.

Basi akaeleza, huku anatazama sakafu. Vejihe alikuwa na miaka tisa. Ilikuwa Idi, nyanya yake amekaa kwenye kiti kikubwa na wageni kushoto na kulia, na mtoto akaletwa apige bashrafu na kundi la Nevreste, wasichana kumi na wawili. Kipande cha tatu vidole vyake vikateleza, vikashuka. Na kabla jicho halijapepesa wasichana wote kumi na wawili wakashuka naye. Nyanya akasema haijawahi kupigwa vizuri namna hiyo. Ikawa ndiyo sheria. Kuanzia siku ile jumba zima liliipiga kwa kushuka. Msichana mpya akija, alifundishwa kwanza namna sahihi, kisha namna ya Sultana.

"Miaka minane?" Vejihe aliuliza. "Mlikosea kwa miaka minane?"

"Na tuliikosea kwa ustadi, Sultana wangu. Si kazi rahisi." Kisha sauti ikampungua. "Palikuwa na mmoja, Lebriz. Alikuwa na sikio kuliko sisi sote. Siku moja alisahau, akapanda. Nikampiga kofi mbele ya wenzake. Nikampeleka kwenye chumba cha kufulia, na hakurudi kwenye muziki. Nilimpiga mtoto kwa kuwa alipiga sawa. Hilo huniamsha usingizini mpaka leo."

Vejihe alikaa juu ya gunia la mchele. Hasira aliyoingia nayo ilikuwa imetafuta pa kukaa ikakosa.

"Na mengine? Nini kingine mlikuwa mnanifanyia?"

"Si vizuri kuyafukua."

"Kalfa!"

"Mchezo wa dama," Nevreste alisema. "Hujawahi kumfunga mtu."

"Hata yule mzee mtunza bustani?"

"Hasa yule. Alikuwa akifanya kazi kubwa sana kushindwa. Na lile shairi lako la siku ya kuzaliwa mama."

"Mama alililia!"

"Alililia, ndiyo."

Vejihe akacheka. "Na ganuni? Niambie kweli. Nina kipaji au sina?"

"Sultana wangu ana mkono mzuri mno," Nevreste akajibu papo hapo, na wote wawili wakasikia jinsi jibu lile lilivyokuwa halina thamani. Mtu asiyeweza kukuambia mbaya, nzuri yake utaipeleka wapi?

Siku tatu, basi. Samaki hukunjwa angali mbichi, na vidole vya Vejihe vilikuwa vimekwisha kukauka vikielekea chini. Peke yake hangeweza. Alipofika kipande cha tatu mkono ulirudi njia yake ya zamani naye haoni, kama punda anayejua zizi. Alihitaji mtu wa kumwambia hapo, hapo ndipo. Nevreste aliombwa, akaamriwa, akabembelezwa, na kila mara alifungua mdomo, ukafungika wenyewe. Aliona haya kama mtu aliyeambiwa avue nguo barabarani.

Mwisho wakakubaliana hivi: Nevreste angekaa jikoni, mlango umefungwa, mgongo ameugeuzia mlango, na akisikia kosa agonge mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Hivyo si yeye anayesema, ni sufuria. Jumanne nzima sufuria ile iligongwa mpaka mpiga pasi akapanda ngazi kuuliza kama kuna mtu anahitaji daktari.

Mwanzo iligongwa kwa woga, mara moja moja. Alasiri ikawa inagongwa kwa haraka. Jumatano asubuhi ikagongwa mara tatu mfululizo mahali ambapo Vejihe alikuwa na hakika hakukosea.

"Kipi tena?" akapaza sauti. "Si nimepanda?"

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Nevreste alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi, mashavu mekundu.

"Umepanda, lakini umepanda kama mtu anayebeba ndoo! Na kidole gumba, hicho kidole gumba, nimekitazama kimekakamaa tangu ukiwa na miaka tisa! Na bega! Nani amekuambia ganuni hupigwa na bega? Na ule uzi wa kumi na nne hujaufunga sawa hata siku moja maishani mwako, ni mimi nilikuwa nikiamka alfajiri kuufunga kabla hujaamka!"

Pengine alingoja dari limwangukie. Dari halikuanguka, na baada ya hapo hapakuwa na wa kumzuia. Miaka ishirini na miwili ilimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Alimkosoa mkono wa kushoto, akamkosoa wa kulia, akamkosoa na mtu aliyemtengenezea ganuni. "Toka hapo," akasema mwishowe. "Toka! Nipe nikuonyeshe."

Akakaa kitako. Akaipakata ganuni, akavaa pete, akapiga kipande cha tatu.

Vejihe alikuwa amemsikia Nevreste akipiga maelfu ya mara, au alidhani amemsikia. Huyu hakuwa yule. Nyuzi zilikuwa zile zile, chumba kile kile chenye harufu ya nguo za moto, lakini ule muziki ulipanda kama pumzi ya mtu anayelala salama, hakuna aliyeusukuma. Nevreste alifumba macho. Alipiga mpaka mwisho, akarudia kipande cha pili kwa namna nyingine, akaongeza madoido yake humo kati, akacheka peke yake mahali fulani, kisha akafumbua macho akaona yuko wapi, na mikono ikamdondoka.

"Mbona hukuwahi kupiga hivi?" Vejihe aliuliza.

Nevreste alizivua pete polepole. "Mjakazi hampiti bibi yake," alisema. "Wewe ukipiga, mimi hupiga chini yako kidogo. Nilizoea. Nilidhani nimekwisha sahau namna ile nyingine."

Siku ile Vejihe hakula. Uchungu alikuwa nao, nisiwadanganye. Alikuwa amemwonea wivu mjakazi wake, na wivu ule ulimtia aibu, na chini ya aibu palikuwa na kitu kizito zaidi: kwamba huyu mwanamke alikuwa ameuficha muziki wote ule chini ya vidole vya mtoto asiyejua kupiga, akauacha humo, na kama si santuri ya Nabawiya ungezikwa naye.

Alhamisi Vejihe aliweza kupanda. Alijaribu mara kumi asubuhi, akapanda zote kumi. Kiti kilikuwa chake. Akavaa gauni lake jeusi, akabeba ganuni, akamwambia Nevreste ajifunge buibui wafuatane, amsaidie kukaza nyuzi.

Nyumba ya mwoka mikate ilijaa wanawake mpaka ngazini, bibi harusi katikati, viganja amevinyoosha kwa hina. Kundi la Nabawiya lilikuwa limekaa tayari na nafasi moja katikati.

"Haya, Mturuki, unapanda au unashuka?" Nabawiya aliuliza.

"Mimi napanda," Vejihe alisema. "Lakini nimekuletea anayepiga. Huyu ni mwalimu wangu."

Nevreste akageuka kukimbia. Vejihe alimshika mkono, akamwinamia sikioni, akamwambia kwa Kituruki maneno ambayo hakuwahi kumwambia, "Nakuomba." Kisha akamweka kitini kwa nguvu, akamwekea ganuni mapajani, na mwenyewe akaenda kukaa chini kwenye mkeka kati ya shangazi za bibi harusi.

Nabawiya hakuwa na muda wa maswali. Akatikisa kichwa, dumbaki likaingia.

Kipande cha kwanza Nevreste alipiga kichwa chini, sauti ndogo. Cha pili mabega yakamshuka. Cha tatu wote wakapanda, na ganuni ikawapita, ikawangoja juu kidogo, ikawavuta. Zannuba akasahau kutafuna ubani mdomoni. Mwanamke mmoja akapiga ukelele wa "Allah!" na hapo Vejihe, aliyelelewa kusikiliza muziki kimya kama uko msikitini, ambaye hakuwahi maishani mwake kupaza sauti mbele ya watu, alisimama katikati ya mkeka akalia, "Tena! Kalfa, tena!" Na ukumbi mzima ukaitikia, tena, tena, na Nevreste akarudia, machozi yakimtiririka mpaka kwenye nyuzi.

Walirudi jua bado lipo, Vejihe ameibeba ganuni. Nabawiya alikuwa amesema Nevreste aje kila Alhamisi, na yule mwembamba naye aje, wa kukaza nyuzi na kujifunza. Barua ya Kairo ilikuwa bado iko mezani haijajibiwa.

Mbele ya duka la vifungo Vejihe alisimama.

"Kalfa, nakuuliza mara moja tu. Mimi ni mpigaji?"

Nevreste alimtazama. Hakukunja mikono, na hakutazama chini. Alifikiri kwa muda, kama fundi anavyofikiri juu ya ubao, na Vejihe aliona kwamba safari hii kweli anafikiri.

"Bado," alisema.

Vejihe alikaa kwenye ngazi za duka la watu akaanza kulia. Mwenye duka alichungulia, akadhani wamefiwa.

"Miaka miwili," Nevreste aliongeza. "Mitatu, kama bega lako litabaki hivyo. Inuka, ngazi ni chafu."

Vejihe aliinuka anafuta uso kwa mkono. Alikuwa amemwamini. Wakaendelea na njia, na mpaka wanafika mlangoni Nevreste alikuwa bado anamweleza habari za kidole gumba.